Umeme Uliokosa Njia ya Kurudi

Haikuwa usiku. Ilikuwa jana mchana, baada ya wali na maharage, Tumpe alipojinyoosha kwenye kitanda cha karavani ili apumzishe mgongo, akaota ndoto ambayo mumewe bado hajasimuliwa yote.

Karavani hiyo, nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, waliinunua kwa mtafiti wa ndege aliyemaliza shughuli zake katika misitu ya Rungwe. Ilikaa muda mrefu uani kwao Kiwira, kuku wakitagia chini yake. Kisha Bibi Sekela, mama mzazi wa Ambokile, mume wa Tumpe, akasema neno lake. Alitaka kwenda Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, akamwone dada yake Subilaga kabla mmoja hajamtangulia mwenzake. Nyumba za wageni hakuzitaka.

"Kitanda kinacholaliwa na kila mtu hakina usingizi," alisema.

Tena alikuwa na sukari, na dawa yake ya kuchoma sindano ilitakiwa ikae baridi safari nzima. Ndipo wakaikumbuka karavani, kwa maana ndani yake kulikuwa na kitanda kizuri na friji ndogo inayotumia betri.

Ambokile ni dereva mstaafu wa lori la kahawa. Tumpe anashona viti vya magari. Hakuna kati yao aliyesomea umeme, lakini walijitosa. Walifunga betri, wakavuta nyaya nyekundu za kupeleka umeme na nyeusi za kuurudisha. Taa ikawaka, friji ikaunguruma. Tatizo ni kwamba taa ikiwaka, friji hunyong'onyea, na friji ikianza kuvuta, taa hufifia kama mzee anayesinzia kanisani. Tena fyuzi ilikuwa ikikatika kila mara, mpaka juzi Ambokile alipotangaza kwamba hilo amelimaliza. Tumpe hakuuliza amelimalizaje.

Safari ilikuwa leo asubuhi. Kwa hiyo jana, wakila, walibishana kidogo juu ya ethi, yaani pale mwisho wa waya mweusi unapofungwa kwenye chuma.

"Ile ethi umeifunga wapi?" Tumpe aliuliza.

"Ukutani. Kuna skrubu nzuri pale."

"Ukuta una rangi, Baba Lugano."

"Gari zima ni chuma, Mama Lugano. Umeme hauchagui."

"Sawa."

Aliposema sawa kwa namna ile, wote wawili walijua haikuwa sawa. Wakamaliza maharage. Tumpe akaenda kulala.

Ndotoni anaamka palepale kitandani. Taa ya darini inamwita kwa sauti ya chini.

"Mama Lugano, samahani kwa kukuamsha. Una wageni."

Anaketi. Karavani imejaa watu wadogo, kimo chao kama chupa ya chai, wote wamevaa sweta nyekundu na kila mmoja ana kifurushi. Wamekaa mezani, kwenye sinki, juu ya jiko, kwenye rafu ya vikombe. Hakuna anayesukumana. Mama mmoja ananyonyesha mtoto ndani ya kikombe.

"Sikusikia hodi," Tumpe anasema.

"Hatukupita mlangoni," anajibu mzee wao, aliyekaa juu ya kopo la sukari. "Sisi ni umeme. Tumetoka kwa betri asubuhi. Tumewasha taa, tumepoza friji, kazi imekwisha. Sasa tunarudi nyumbani."

"Mbona hamwendi?"

"Foleni, mama."

Mzee anaonyesha ukutani. Pale kwenye skrubu ya Ambokile pana kimlango kidogo kama punje ya dengu. Mtu mmoja anajaribu kupita ubavuubavu. Kichwa kimeingia, kifurushi kimekwama. Walio nyuma yake wanamshauri kwa upole aanze na kifurushi.

"Mlango umepakwa rangi," mzee anaeleza. "Tunapita kwenye mkwaruzo wa skrubu tu."

"Basi rudini kwa njia mliyojia."

"Ile nyekundu ni ya kwenda, mama. Tukirudi nayo tutakutana na wanaokuja, na wote ni ndugu zetu. Itabidi tusalimiane. Hatutafika."

Tumpe anakubali kuwa hilo ni kweli. Kwao salamu haikatizwi.

"Na betri anasemaje?"

"Betri hatoi wengine mpaka sisi tufike. Hataki watoto wake wazagae."

Mlango wa friji unafunguka wenyewe. "Mimi sipendi kulalamika," friji inasema, "lakini niliomba ugali, naletewa uji. Na uji wenyewe ni wa kupokezana na taa." Ndani yake kichupa cha dawa cha Bibi Sekela kimekaa kitako, kinajipepea kwa kifuniko chake, jasho linakitoka.

Tumpe anafanya kile ambacho mwenye nyumba yeyote angefanya. Anabandika chai. Lakini birika linapochemka, wageni wote wanasogea nyuma pamoja.

"Tunashukuru," anasema mzee. "Ila sisi na maji hatukai pamoja."

"Nani anaweza kuwafungulia mlango mwingine?"

"Muulize fyuzi. Lakini wahi. Wanamzika."

Tumpe anavaa ndala zake, anafungua mlango wa karavani, anashuka kidaraja, na mguu wake unakanyaga sakafu ya kanisa.

Kanisa limejaa. Mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, pana jeneza lenye ukubwa wa kiberiti. Ndani yake amelala fyuzi, mwembamba, mwili wake wote kioo, na ndani ya kioo uti wa mgongo uliokatika katikati. Anapomwona Tumpe, anaketi.

"Pole na msiba," Tumpe anasema.

"Asante. Nimeshazoea."

"Kwani umekufa mara nyingi?"

"Ndiyo kazi yangu. Wakija wengi kupita kiasi, nakufa mimi ili nyumba ipone. Nilidhani ni kazi ya heshima. Mumeo akaona namsumbua."

"Akafanya nini?"

Fyuzi ananyoosha kidevu upande wa kwaya. Katikati ya waimbaji wa besi amesimama msumari mrefu ndani ya joho la bluu. Anaimba kwa nguvu, na wimbo anaoimba si ule wanaoimba wenzake.

"Ameajiriwa mahali pangu juzi," fyuzi anasema. "Ni mtu mwema, simsemi vibaya. Shida yake hajui kufa."

"Si ndiyo vizuri?"

"Asipokufa yeye, kinakufa kingine. Mara nyingi ni godoro. Kisha anayelilalia."

Anasema hivyo kwa sauti ya mtu anayetangaza saa ya ibada. Godoro la karavani ni moja, na atakayelilalia ni Bibi Sekela. Tumpe anapita kati ya mabenchi, waumini wanampisha, anafika mpaka mbele ya kwaya.

"Shuka," anamwambia msumari.

"Nimeambiwa nisitoke."

"Na nani?"

"Na Baba Lugano. Aliniambia ni kwa muda tu."

"Muda umekwisha."

Msumari anafikiri. Anavua joho, analikunja vizuri, anamkabidhi. Joho linaunguza vidole.

"Nashukuru, mama," msumari anasema. "Nilikuwa nasikia joto, nikaona aibu kusema."

Kwaya inafunga pengo na kuendelea na ubeti wa pili. Tumpe anarudi kwa fyuzi.

"Na anayekuua ni nani?"

"Waya mwekundu wa friji. Simlaumu, naye ameumia. Yuko hapo nje."

Nje ya kanisa hakuna barabara. Kuna shamba la chai lililolowa, linashuka mpaka lisipoonekana. Kati ya mistari miwili amekaa waya mwekundu, mrefu, amekunja mwili wake mara nyingi ili aenee. Ubavuni ngozi imechubuka na shaba inaonekana. Anapuliza kidonda.

"Nani amekufanya hivi?"

"Tundu la ukuta, mama. Nilipopitishwa pana meno. Gari likitikisika, linaning'ata. Ngozi ikiisha nagusa bati, na wote niliowabeba wanarukia pale kwa pamoja, kama watu waliosikia kuna nyama. Ndipo fyuzi anapokufa."

Hapa Tumpe hahitaji kuuliza mtu. Kushona ni kazi yake. Anavua ndala moja, anakata kipande cha mpira, anakitoboa katikati, anamvisha waya kama kola. Anashona kwa uzi ule anaoshonea viti vya malori.

"Inabana?"

Waya anageuza shingo huku na huku. "Inatosha. Hata meno yakija, yatatafuna mpira. Sasa nenda chini, wageni wako bado wamesimama."

"Chini wapi?"

"Chini ya kila kitu."

Tumpe anainama kutazama chini ya mche wa chai. Chini ya mche ni chini ya karavani, na chini ya karavani ni ua wa baba mkwe wake. Hauoni vizuri, kwa kuwa pana giza la kivulini, ila anaujua kwa kikohozi.

Kwao Wanyakyusa, kwa desturi ya tangu zamani, mke hamtazami baba mkwe wake. Wengi siku hizi wameilegeza, lakini Tumpe aliolewa katika nyumba iliyoishika. Mzee Mwakitalu, baba yake Ambokile, akipita njiani, yeye huacha njia, huchuchumaa, hufunika uso kwa kanga. Miaka yote waliyoishi ua kwa ua alimjua kwa kikohozi chake, kwa mlio wa fimbo yake, na kwa nyayo za buti zake za mvua kwenye tope. Mzee akafa na kuzikwa. Tumpe alimlilia sana, na hata siku ile hakuujua uso aliokuwa akiulilia.

Sasa kinachokohoa ni chesi, ile fremu ya chuma iliyolala chini ya karavani na kuibeba yote.

"Mkwe," chesi inasema.

Tumpe anageuza uso haraka, anatazama gurudumu. "Abee, baba," analiambia gurudumu.

"Usinitazame."

"Sikutazami."

"Vizuri. Mimi ndiye ninayebeba kila kitu hapa. Kitanda, jiko, na kesho mke wangu. Hao wageni wako wangepita kwangu. Mimi ni mpana, wangerudi wote kwa pamoja wameshikana mikono. Lakini mwanangu kawapeleka ukutani."

"Nilimwambia, baba."

"Nilikusikia. Alisema umeme hauchagui. Unachagua. Unataka chuma kitupu. Na mimi nimevaa rangi, na chini ya rangi nimevaa kutu. Itabidi univue kidogo."

Tumpe hajapata kusikia mkwe kuombwa jambo la namna hiyo, wala hajui ni nani angemuuliza kama linafaa. Nyuma yake watu wa sweta nyekundu wameshuka na vifurushi vyao. Kwa adabu, nao wote wamegeuza nyuso, wanatazama gurudumu la pili.

"Baba, siwezi."

"Padogo tu. Ukubwa wa kifungo cha koti. Ukitazama pembeni si kosa."

"Na watu wakisema?"

"Watasema friji inafanya kazi."

Kwenye mfuko wa aproni yake mna kipande cha msasa. Anakitoa. Macho kwenye gurudumu, anapeleka mkono nyuma, anapapasa kama anavyotafuta mshono kwenye ngozi ya kiti. Chuma ni cha uvuguvugu. Anaanza kukwangua.

"Kulia kidogo," chesi inasema. "Hapo."

"Nakuumiza, baba?"

"Hapana. Ni kama kukunwa mgongo. Kuna mahali pale katikati sikuwahi kupafikia nilipokuwa hai."

Anakwangua. Rangi inadondoka, kisha kutu, inayomwagika kama ugoro. Kikohozi kimenyamaza. Sauti inarudi, na safari hii haina haraka.

"Ulikuwa unaniwekea chakula kizingitini, unagonga, unakimbia. Nilikuwa nakula huku nasikia cherehani yako ng'ambo ya ua. Vile viazi vyako vya karanga, mkwe, vilikuwa vitamu sana. Sikuwa na njia ya kukuambia. Ningemtuma mwanangu, angesahau njiani."

Gurudumu mbele ya Tumpe linaanza kuonekana kama lipo ndani ya maji. Anafuta macho kwa bega.

"Sahani zilikuwa zinarudi tupu, baba. Nilijua."

"Haya. Basi vizuri." Chesi inakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyemaliza. "Ukishafunga waya nipake grisi. Sitaki kukaa uchi mbele za watu, na mvua ya Kiwira unaijua."

Tumpe anashika ncha ya waya mweusi, anaibana kwenye chuma kitupu kwa bolti, bado anatazama gurudumu. Nyuma yake vifurushi vinanyanyuliwa. Wanapita wote kwa pamoja wameshikana mikono, na kila anayegusa chuma, sweta yake inageuka nyeusi. Hawakimbii. Kila mmoja anamshukuru anapopita, na mama mwenye mtoto anamwonyesha mtoto jinsi ya kushukuru. Wa mwisho ni yule mzee.

"Betri atakusalimia," anasema. "Si msemaji sana, lakini utaona kwenye taa."

Mwanga unaongezeka. Unakuwa mweupe mpaka Tumpe anafumba macho, na alipoyafumbua lilikuwa jua la alasiri dirishani, na kuku mmoja alikuwa kidarajani akimtazama.

Akatoka nje. Bibi Sekela alikuwa kwenye kiti chake uani, mkoba wa safari tayari umepakatwa, ingawa safari ilikuwa ya kesho yake. Ambokile alikuwa akiosha tairi za pikapu.

"Baba Lugano, mahali pa fyuzi umeweka nini?"

Ambokile aliendelea kusugua tairi ambayo ilikuwa imeshatakata. "Msumari," alisema. "Kwa muda tu."

"Muda umekwisha."

Hakubisha. Aliingia, akafungua kiboksi, akautoa msumari, akaudondosha na kupuliza vidole. Aliutazama pale sakafuni kwa muda. Kisha akamtazama mama yake kule uani na mkoba wake. Akavaa koti na kwenda njia panda kutafuta fyuzi ya kweli.

Akiwa hayupo, Tumpe alivuta waya mwekundu wa friji kwenye tundu lake la ukutani. Ubavu wake ulikuwa umechubuka mpaka kwenye shaba. Akaufunga utepe wa umeme, akakata kipande cha ndala kuukuu, akaupitisha humo, akashonea.

Ambokile aliporudi aliiweka fyuzi mpya, akaitazama ile kola ya mpira, akasema ni wazo zuri. Kisha, bila kuambiwa, akachukua spana na boksi la kulalia.

"Ngoja nikahamishie ethi kwenye chesi," alisema. "Tujaribu hilo neno lako la rangi kabla sijalala na mawazo."

Akajipenyeza chini ya karavani mpaka zikabaki buti zake tu. Tumpe alichuchumaa kando, kipande cha msasa mkononi, akingoja aombwe.

"Mama Lugano."

"Abee."

"Hapa umekwangua saa ngapi?"

Tumpe alilitazama gurudumu. "Mchana."

"Nilidhani umelala."

"Nililala kidogo."

Akasikia spana ikikaza bolti. "Washa," Ambokile alisema.

Aliingia, akawasha taa zote, kisha akawasha friji. Taa hazikutikisika. Zilikuwa nyeupe kuliko siku zote. Friji ilivuta pumzi ndefu, ikaanza kuunguruma kwa sauti nzito iliyotulia, na sakafu ikatetemeka kidogo chini ya miguu yake. Kule uani Bibi Sekela akainua kichwa.

"Hiyo sasa imeshiba," alisema.

Ambokile akatoka chini akijikung'uta, amefurahi, uso wake una unga wa kutu. "Kazi nzuri, mke wangu. Imeng'aa kabisa. Ila mkwaruzo wenyewe umekwenda mshazari," akasema, akionyesha kwa kiganja, "kama wa mtu aliyekuwa anatazama kwingine."

"Pamebaki grisi," Tumpe alisema.

"Nipe nipake."

"Acha. Nitapaka mimi."

Akachukua kopo, akajilaza juu ya boksi, akaingia chini. Akachota grisi kwa vidole viwili, akageuza uso, akanyoosha mkono.